Udongo Katika Bunduki ya Bwana Nyama

Juzi nilikuwa nafuta cherehani yangu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na mkono wangu ulikuwa bado una mawese maana nilitoka jikoni bila kunawa vizuri. Harufu hizo mbili zilipokutana puani nikaacha kazi. Nikakaa hivyo hivyo na kitambaa mkononi. Binti yangu akauliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nasikia harufu ya bunduki. Akacheka, akadhani ni maneno ya uzee.

Sikuwa natania. Kwa watu wengi nadhani bunduki inanuka baruti. Kwangu mimi inanuka mawese na mafuta ya taa, na kwa nyuma kidogo dawa ya viatu. Nimeshajaribu kuiandika habari hii nikaacha, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba, na watu wenyewe wa habari hii karibu wote hawapo tena wa kunisahihisha. Basi nitaandika ninavyokumbuka, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Kwetu ni Ngonga, Kyela, kule chini ambako maji ya mvua hayana haraka ya kuondoka. Nyumba ilikuwa ya Babu, baba yake baba yangu. Alikuwa seremala. Ujana wake aliumalizia bandarini Itungi akirekebisha mbao za vyombo vilivyokuwa vinakwenda kusini, na huko ndiko alikojifunza kutumia gundi ya mirija miwili, ile ambayo ukichanganya ya mrija huu na ya mrija ule inakuwa jiwe. Baba yangu alilima mpunga, na kijiji kilikuwa kimemchagua kuwa mlinzi wa mashamba. Mama alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule ziwa linakokutana na miguu ya milima, kwa watu wa vyungu. Kila alipokwenda kusalimia kwao alirudi na bonge la udongo wa kufinyangia. Alilihifadhi jikoni chini ya gunia lililolowanishwa, na alilifunua kuliangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto mchanga aliyelala.

Sasa jambo linalofuata wenzangu wa rika langu mnalijua, vijana watanivumilia. Mama hakuwa akisema na Babu. Hakumtazama. Babu akikohoa nyuma ya nyumba, Mama aliacha alichoshika akaingia migombani, akageuka, akajifunika kanga mpaka kikohozi kipite. Na Babu alikohoa kusudi, ili ampe nafasi ya kuondoka. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja aliingia kwenye majani. Kwa Kinyakyusa tunasema ukutila, mkamwana na baba mkwe wake kukwepana kwa heshima. Miaka hiyo nyumba nyingi zilikuwa zimeshalegeza, hasa za watu wa kanisani. Lakini Babu alilelewa hivyo na Mama alikubali hivyo. Sisemi ilikuwa mbaya, sisemi ilikuwa nzuri. Nasema ndivyo tulivyoishi.

Mimi hakuna aliyenieleza kuwa ni heshima. Au walinieleza nikawa nachezea kitu kingine, inawezekana. Nilichojua ni kwamba mimi na rafiki yangu Tumpe tukigombana tunapeana migongo na hatusemezani. Kwa hiyo nikahitimisha kuwa Mama na Babu waligombana kabla sijazaliwa, ugomvi mkubwa usioweza kutajwa, na kwamba mimi nimezaliwa ili niwapatanishe.

Chakula cha Babu nilipeleka mimi, kwenye banda lake la useremala lililopakana na jiko. Maneno nilipeleka mimi. Na kwa kuwa nilikuwa mpatanishi, niliyatia sukari njiani. Mama akisema, "Mwambie Babu chumvi imekwisha," mimi nilifika nikasema, "Babu, Mama anakusalimu sana, anakupenda, chumvi imekwisha."

Babu alitafuna kwanza. "Mama yako hajasema hivyo."

"Kasema, Babu."

"Gwe Atupele! Ukuta wenyewe wa matete huu. Nasikia mpaka sufuria ikifunikwa. Lete maneno kama yalivyo, usiyapike."

Sikukoma.

Msimu huo mpunga ukiwa unaanza kuchanua, kiboko alianza kutoka ziwani kupitia mtoni akaingia mashambani. Alikula, na asipokula alilala juu ya mpunga, nayo ni hasara ile ile. Kijiji kikamwita Bwana Nyama. Hilo halikuwa jina lake, ni kazi yake, afisa wa wanyamapori, lakini hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu, mrefu, mwenye maneno ya taratibu. Watu walimtania kwamba anawaulia wenzake nyama asiyoila. Naye alijibu, "Nyinyi kuleni, mimi mniachie harufu."

Alikwenda na Baba. Bwana Nyama mbele na bunduki, Baba nyuma yake na mkuki, maana mlinzi wa mashamba ndiye anayejua njia. Bwana Nyama alilenga kichwa, risasi ikapiga bega. Kiboko akazama, akaibukia kwenye matete karibu na kivuko, pale pale wanawake wanapovukia kwenda palizi. Akabaki humo na kidonda chake. Siku iliyofuata alimfukuza mama yake Tumpe mpaka akaacha jembe na kiatu kimoja, na watu wakasema mwingine hatapata bahati hiyo.

Tulikuwa tunamsikia mchana kweupe akiguna. Nilimwonea huruma, na sioni aibu kusema hivyo. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mnene anayeumwa jino na hataki kuwaamsha wenzake.

Jioni Bwana Nyama akaja kwetu na bunduki mgongoni.

"Mwagonile, mzee wangu," alisema. Hiyo ndiyo salamu pekee ya Kinyakyusa aliyoijua, ya kuuliza umelalaje, na aliitumia saa zote.

"Tulilala, tukaamka, na sasa tunakaribia kulala tena," Babu akajibu. "Karibu kiti."

Risasi zote alizitoa mbele yetu, akazifunga kwenye mkoba, na mkoba akaukalia. Akaeleza. Ubao wa bunduki umenyonya maji ya Kyela, ndani pale chuma kinapolala umeoza, chuma kinacheza. Ukifyatua, kinaruka, risasi inakwenda inakotaka. Barabara ya kupanda juu ilikuwa imekatwa na mvua, na wakubwa wake wamemwambia atafute fundi huko huko. Ndivyo alivyosema. Kama sheria iliruhusu mimi sijui, siwezi kumsemea.

"Yule mnyama nimemuumiza mimi," alisema. "Si haki ateseke vile, na si haki mtu afe kwa ajili ya kosa langu. Lazima nirudi nimalize. Ila kwa bunduki hii sirudi, mzee wangu, wala simpeleki mwanao."

Hapo nilisikia upande wa pili wa matete, jikoni, mwiko umeacha kugonga sufuria.

Babu aliigeuza geuza bunduki. Akasema kazi yenyewe si ngeni kwake, ni kama kulaza ufito wa chuma kwenye ubavu wa mashua. Atachonga sehemu iliyooza, atamwaga gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kisha atakilaza chuma humo kikiwa kimepakwa dawa ya viatu ili gundi isikishike. Gundi ikikauka, chuma kitang'olewa, na ubao utakuwa umechukua umbo lake sawasawa, kama ufizi na jino.

"Shida ni matundu," Babu akasema. "Chuma hiki kina matundu kama uso wa samaki. La skurubu, la triga, mfereji huu, shimo hili. Gundi ikipenya humo ikakauka, chuma na ubao havitaachana mpaka Kiyama. Na bunduki yenyewe ni ya serikali."

"Na sisi tutakuwa wa serikali," Baba akasema. Walicheka wote, lakini kidogo.

Kwa hiyo matundu yalitakiwa yazibwe kwanza kwa udongo laini, na kazi ikiisha udongo utolewe wote. Mtu yeyote wa nyumba yetu angefikiria udongo mmoja tu. Babu akaniambia, "Nenda kwa mama yako. Mwambie naomba udongo wa kwao."

Mama alifunua gunia. Alilitazama lile bonge, midomo yake ikacheza kama anayetaka kusema kitu, halafu akamega kipande kizuri kabisa cha katikati, akakiweka kwenye jani la mgomba, akanipa. Hakutuma neno. Mimi nikafika nikasema, "Babu, Mama anasema pole na kazi, huu ndio udongo mzuri kuliko wote." Babu akanitazama tu.

Akaziba matundu yote vizuri, akayalainisha kwa kidole chenye maji. Bunduki ikaonekana imetulia, kama mtu aliyefumba macho. Gundi akasema ataimwaga asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha.

Asubuhi tukakuta udongo umesinyaa. Kila kizibo kilikuwa kimejitenga na ukuta wa tundu lake, unaweza kupitisha ukucha, na kuzunguka kila tundu chuma kilikuwa kimepata duara la kutu, jekundu kama ukingo wa jicho linalouma. Bwana Nyama alishika kichwa. "Ya Rabi. Mzee, na tungekuwa tumemwaga gundi jana?"

Babu akaukwangua udongo pole pole. "Udongo wa wakwe umetukataa," akasema kwa sauti. "Labda hatukumaliza kutoa ng'ombe."

Nilikimbilia jikoni kuona kama Mama amesikia. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika. Nikajua analia kwa kutukanwa ukoo wake, nikaenda kumshika mguu. Leo nadhani alikuwa anacheka. Lakini sikumwona uso, kwa hiyo sitaapa.

Siku ile Babu alimtuma Baba kwa mwalimu wa shule ya awali, mama mmoja mkarimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma. Akatupa udongo wa rangi wanaochezea watoto, kidogo aliokuwa nao. Ulikuwa wa kijani na mwekundu lakini rangi zote mbili zilikuwa zimeshachanganyika zikawa rangi ya ini, na ndani mlikuwa na nywele, punje za wali na jino moja la mtoto. Niliona ni udongo mzuri sana. Babu akatoa jino akaliweka kando kwa heshima, akaziba matundu mawili kwa majaribio. Jua la saa sita lilipoingia bandani, vizibo vikalegea vikaanza kuteleza kama siagi iliyoachwa juani. Tena hautoshi. Bwana Nyama akasema, "Mwalimu asilaumiwe, huu haukutengenezwa kwa ajili ya Kyela." Na kweli, hakuna wa kulaumiwa.

Kiboko akaguna kule mtoni. Baba akasema mpunga wa upande wa pili unaliwa na magugu sasa, siyo kiboko tu. Watu watavuka hivi hivi kwa kukata tamaa, na mmoja atakufa.

Ndipo Mama akaniita.

"Mwambie Babu achukue udongo wa kwetu uliokauka kabisa. Autwange uwe unga. Auchekeche kwa kanga, siyo kwa chekecheo, kwa kanga. Halafu aukande na mawese badala ya maji. Hautasinyaa, na chuma hakitaota kutu. Tulipokuwa watoto Ikombe tulifinyanga ng'ombe wa kuchezea kwa mafuta tuliyoiba, walikaa mwaka mzima hawapasuki."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Baba mkwe akiomba kitu unampa. Huanzi na lakini."

"Na leo?"

"Leo hajaomba." Akanishika kidevu. "Na usiongeze chochote, Atupele. Baba yako ndiye anayetembea nyuma ya bunduki hiyo."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipeleka maneno bila sukari. Nilienda nikiyarudia moyoni nisiyamwage. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ee. Hayo ndiyo maneno yake." Akaniambia nilete kinu.

Nilitwanga mimi na kuchekecha mimi. Unga ulikuwa mwembamba kama poda ya mtoto, na mawese yalipoingia ukawa rangi ya machungwa yaliyoiva, laini, unakubali kidole na unabaki na alama ya kidole. Babu akaziba. Akapaka dawa ya viatu ya Bwana Nyama kwenye chuma chote, mpaka Bwana Nyama akasema sasa bunduki inang'aa kuliko viatu vyake. Akachanganya gundi na unga wa mbao, akamwaga, akakilaza chuma, akafunga kwa mpira wa baiskeli, akatuamuru tusipige chafya.

Tukangoja ikauke. Bwana Nyama alilala kwetu, hakuiacha bunduki kwa macho yake. Mchana aliswali kando ya banda na Babu akazuia kuku wasipite mbele yake.

Chuma kilipotolewa, Babu aligonga mara chache kwa nyundo ya mti, kikatoka na sauti kama mguu unaotoka topeni. Hakuna tone la gundi lililoingia ndani ya tundu hata moja. Baba alipiga kofi. Nilidhani kazi imekwisha, kwa sababu kwangu kazi ilikuwa ni kuziba.

Kumbe kuutoa ule udongo ndiyo kazi yenyewe. Babu hakutaka chuma kiguse chuma, akachonga ubanzi wa mwanzi. Akachokoa, akafuta kwa usufi uliochovywa mafuta ya taa, akachokoa tena. Harufu ile niliyoisema ilijaa banda lote. Udongo ulitoka kwa vipande, kisha kwa makombo, kisha kwa rangi tu kwenye usufi. Asubuhi moja mtu akaja akikimbia kusema kiboko ametoka kwenye matete yuko wazi ukingoni mwa mto, hawezi kutembea mbali, na watoto wanataka kwenda kumtazama. Babu akaunga bunduki haraka. Bwana Nyama, bado bila risasi, akalivuta lile komeo la chuma linalosukuma risasi, akalirudisha, akabonya triga. Ikalia tak.

"Safi," akasema. Baba akachukua mkuki.

"Atupele!" Sauti ya Mama. Nilikwenda. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mwambie Babu bado kuna kitu. Nimesikia inasaga."

Nikarudi nikasema. Babu akakunja uso. "Mwambie mama yako nimesafisha."

Nilikwenda, ingawa alikuwa amesikia. "Mwambie Babu sisemi hakusafisha. Mimi ni mtu wa udongo, mchanga nausikia kwa sikio kabla ya kidole. Inasaga."

Nilirudi, ingawa alikuwa amesikia. Babu alikuwa amechoka, nisimwonee. Alikuwa mzee, macho yake yalikuwa na ukungu, vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi za kuchoma, na alikuwa amefanya kazi nzuri. Bwana Nyama alimtazama Babu, akamtazama Baba, akatazama chini. Baba alikuwa anageuza mkuki mkononi. Angesemaje? Huyu baba yake, yule mkewe.

Nje watoto walikuwa wanaitana kukimbilia mtoni.

Ukuta wa matete kati ya jiko na banda ulikuwa na mlango mdogo uliozibwa kwa mkeka. Mkeka ukasogea. Mama hakutoka. Alikuwa amekaa chini kwa ndani, ametupa mgongo, kanga kichwani mpaka machoni, na mkono wake mmoja ulipita ukingoni mwa mkeka ukafunguka, kiganja juu, mbele yetu sote.

Sikuwahi kuuona mkono wa Mama katika banda la Babu. Ulikaa pale. Ulikuwa na mikwaruzo ya mpunga na kucha fupi.

Babu alikohoa, kwa mazoea. Mkono haukuondoka.

"Mpe," Babu akasema.

Akaifungua bunduki, akanipa chuma, nikakiweka kwenye kile kiganja. Halafu akanipa ubanzi na usufi. Mama akaomba unyoya wa kuku, sauti ya chini, hakutaja nani amletee. Babu mwenyewe akauokota uani, akaukata ncha kwa kisu, akanikabidhi, nikaupitisha. Tulikaa hivyo. Mama aligeuza chuma magotini, akakisogeza sikioni akipitisha unyoya, akafumba macho kama anayesikiliza mtoto anapumua. Katika kitundu kinachopita kipini cha triga, kitundu ambacho jicho la Babu lisingeweza kukiona, akatoa kibonge cha udongo. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mpunga. Kilikuwa kimenasa chembe ya mchanga, labda ilitoka kwenye kinu, labda ilipita kwenye kanga niliyoshika mimi. Akakiweka kwenye kipande cha jani, nikakipeleka.

Bwana Nyama aliinama akakitazama. "Hiki kingekaa pale," akasema polepole, "nabonya, haitoki. Naye yuko mbele yangu."

Babu akachukua chuma, akapitisha uzi wenye fundo na kitambaa ndani ya ule mfereji mrefu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisafisha mabomba ya vyombo kule Itungi, na kitambaa kikatoka na doa la machungwa pembeni. Na Mama naye alikuwa amepitwa na hilo. Nalisema kwa sababu ni kweli. Babu akakiweka kile kitambaa kwenye jani lile lile, pembeni ya kibonge, akanipa nimpelekee Mama aone. Mama alikitazama, akasema, "Ndaga," yaani asante, na sijui alimwambia nani. Nikatafuta maneno ya kuongeza, sikuyapata.

Walipitisha chuma kile huku na huku mpaka usufi ukawa unatoka mweupe. Kisha mafuta kidogo. Kisha Babu akaunga, Bwana Nyama akavuta komeo, akabonya. Ikalia tak, na hata mimi nikasikia tofauti yake. Au nadhani nilisikia.

Wakaenda. Baba alipita mbele ya mlango wa jiko, Mama akamrekebisha kola ya shati, basi.

Babu alikuwa ametueleza. Risasi moja ni habari njema. Mbili za haraka haraka, mbaya. Ukimya mrefu ni mbaya kuliko zote mbili. Nilikaa juu ya kinu kilicholazwa katikati ya uwanja, nikijaribu kufikiria kiboko bila kumfikiria. Wakati huo nilimuuliza Mama jambo nililolibeba muda wote. "Mama, Babu alikukosea nini?"

"Anikosee? Nani?" Alishangaa kabisa. "Huyo ndiye aliyetoa ng'ombe nikaja hapa. Nilipojifungua wewe alilala nje ya nyumba kwenye umande mpaka ulipolia."

"Sasa mbona hamsemezani?"

"Tunasemezana kila siku," akasema. "Wewe unadhani unabeba nini?"

Sikuelewa. Nilikuwa na ugomvi mkubwa kichwani, na mtu hakubali kirahisi kuwa haukuwepo.

Babu akatoka bandani. Mama alisikia hatua zake akageukia ukuta wa jiko, mikono imeshika mwimo wa mlango. Lakini safari hii hakukimbilia migombani, na Babu naye hakukohoa. Alisimama upande wake wa uwanja akitazama migomba. Migongo yao ilitazamana, na mimi katikati. Kuku walitembea. Mtoni hapakuwa na sauti, hata ile ya kuguna.

Kisha bunduki ikalia.

Mlio wake ulirudi kutoka milimani ukafifia. Tukangoja ya pili. Nilisikia Babu akivuta pumzi na kuizuia. Ya pili haikuja. Haikuja, haikuja, halafu ukasikika mluzi, ule wa Baba wa kufukuzia ndege kwenye mpunga, mrefu, na nyuma yake vigelegele vya wanawake kutoka kivukoni.

Mama hakutikisika. Alikuwa bado amesimama, ameshika mwimo.

Babu hakugeuka. Akasema, kama anaiambia migomba:

"Kaa chini, mwanangu. Amepona."

Nikafungua mdomo niitikie, "Ndiyo, Babu." Halafu nikajitazama. Mimi nilikuwa nimekaa tangu mwanzo.

Nyuma yangu nikamsikia Mama anakaa.